Kabla ya nyota, tuambieni kioo chake ni shilingi ngapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie namna gazeti lako, pamoja na mengine tunayoyasoma hapa Tanga, linavyozishindanisha simu janja. Mtindo ni ule ule: simu mbili zinawekwa ubavu kwa ubavu, zinapimwa kwa megapikseli za kamera (mamilioni ya nukta za picha), kasi ya prosesa, ukubwa wa RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na wembamba wa bodi, kisha moja inaondoka na nyota nne na nyingine tatu. Nimekuwa msomaji wa ukurasa huo kwa miaka, na mwaka jana nilifanya zaidi ya kuusoma. Niliukata kwa mkasi, nikautia kwenye faili la kikundi chetu, na nikautumia kuwashawishi watu kumi na mmoja wanunue simu ya nyota nne. Sina ugomvi na ukweli wa mwandishi wenu, kwa kuwa kila tarakimu aliyoiandika niliikuta kwenye boksi, na hapo ndipo penye tatizo. Tarakimu alizozichagua ni zile zile ambazo mtengenezaji amezipiga chapa kwa herufi kubwa, na yale ambayo sisi watumiaji tulihitaji kuyajua kabla ya kutoa fedha hayakuwa kwenye boksi wala gazetini.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa kilichopo Ngamiani, chenye wanachama 26, wengi wao wafanyabiashara wadogo: wauza samaki, mafundi, waendesha bodaboda, washonaji na mama lishe. Mwanzoni mwa mwaka jana tulikubaliana kwamba michango ipokelewe kwa simu na taarifa za kila wiki zitolewe katika kundi la WhatsApp, ili tuachane na daftari lililokuwa likizunguka nyumba kwa nyumba na kurudi na madoa ya mafuta. Wenzetu kumi na mmoja hawakuweza kuingia kwenye kundi hilo. Baadhi yao walikuwa na vitochi, zile simu ndogo za vitufe, na wengine walikuwa na simu janja zilizochoka, zile za Android 4.4, ambazo WhatsApp iliacha kuzihudumia tarehe 1 Januari 2025. Kikundi kikaamua kuwakopesha kwa marejesho ya miezi kumi, kwa sharti kwamba wote wanunue simu ya aina moja, ili tupate punguzo kwa muuzaji na ili anayejua kuitumia amfundishe asiyejua.

Baada ya kuzunguka madukani tulibakiwa na simu mbili. Sitazitaja kwa majina, kwa kuwa sikukusudia kumharibia mtu biashara. Nitaziita kwa rangi za maboksi yake, la bluu na jeupe. Ya boksi la bluu iliuzwa shilingi 385,000 na ya boksi jeupe shilingi 360,000. Ya bluu ilikuwa ndiyo iliyopewa nyota nne na gazeti lako.

Kikao cha kuchagua kilifanyika Jumapili jioni chini ya mwembe, na nikikikumbuka leo naona haya kidogo, kwa sababu maswali yote ya maana yaliulizwa siku ile na mimi niliyapita. Mwenzetu anayeuza samaki katika soko la Deep Sea aliuliza, "Katibu, hiyo simu ikilia katikati ya mnada nitaisikia?" Kijana wa bodaboda akataka kujua kama ataweza kusoma jina la mteja saa saba ya mchana akiwa juani, bila kukifunika kioo kwa mkono kama mtu anayemkinga kifaranga na mwewe. Fundi ujenzi aliuliza kuhusu alama za vidole. Mama mmoja anayevuka mpaka wa Horohoro kwenda Lungalunga kufuata mali aliuliza kama laini yake ya Kenya itakaa pamoja na ya hapa huku memori kadi yake ikiwa ndani. Bi mkubwa wetu, mwanachama namba moja, aliuliza kama ina redio, redio ya hewani isiyokula bando, maana anapenda kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku na mechi za Simba na Yanga. Mimi nilikuwa nimeshika kipande cha gazeti. Nikawasomea: kamera megapikseli 108, RAM 16, kioo cha AMOLED, nyota nne. Nikamaliza kwa kusema kwamba wataalamu wameshapima. Hakuna aliyebisha, maana gazeti likisomwa kwa sauti mbele ya watu huwa na uzito wake.

Nianze na lile la laini. Simu ya bluu inatangazwa kuwa ya laini mbili na yenye nafasi ya memori kadi, na yote mawili ni kweli, ila si kwa wakati mmoja. Trei yake ina matundu mawili: la kwanza ni la laini, la pili ni la laini au kadi, uchague. Simu ya boksi jeupe ilikuwa na matundu matatu, kila kitu na chumba chake. Tofauti hiyo ilihitaji sentensi moja tu katika ukurasa wenu, na kwa mama wa Lungalunga sentensi hiyo ingekuwa na maana kuliko megapikseli zote. Leo picha za mali yake zimeijaza simu, kadi yenye picha za miaka mitatu imekaa ndani ya pochi ya noti, na kila akifika Horohoro hutoa pini aliyoichomeka kwenye ukingo wa kitenge, akabadilisha kadi kwa laini pale pale kituoni. Siku moja trei ilimponyoka mchangani. Laini haikupatikana, na kwa kuwa kwetu kurudisha namba ni lazima uende mwenyewe na alama za vidole, alipoteza siku mbili za biashara.

Hili la laini mbili si jambo dogo la kuwekwa mwishoni mwa jedwali. Watu wa nchi hizi walianza kutembea na laini mbili na tatu kwa sababu kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, na kwa sababu mtandao unaoshika Pangani si lazima ushike Mkinga. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, iliyoanzishwa mwaka 2006 na yenye chapa za Tecno, itel na Infinix, ilijenga soko lake la Afrika kwa kulielewa jambo hilo mapema, wakati kampuni kubwa zikisita. Apple ilichelewa hadi mwaka 2018 kuweka laini mbili kwenye iPhone. Na hata kabla ya hapo, Nokia 1100 ya mwaka 2003, ambayo sisi tuliijua kwa tochi yake, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani bila kamera yoyote. Ilikuwa na tochi, baobonye lililozibwa vumbi lisipenye, na betri iliyosahau kuisha. Waliotengeneza simu hizo walianza na swali la muuza samaki. Ukurasa wa gazeti nao ungeweza kuanzia hapo.

Kuhusu RAM nitasema kwa ufupi, kwa kuwa jambo lenyewe ni fupi. Hiyo 16 ya kwenye boksi ni nane ya kweli na nane ya kuazima. Simu hukata sehemu ya hifadhi yake ya ndani ikaitumia kana kwamba ni RAM, na hifadhi hiyo ina kasi ndogo sana ukilinganisha na RAM halisi. Isitoshe, kinachoazimwa kinapunguza nafasi ya picha na sauti za WhatsApp. Si wizi, kwa sababu kwenye ubavu wa boksi kuna maandishi madogo yanayosema 8+8. Lakini mwandishi anayelipwa kutusomea maandishi madogo hapaswi kutuandikia 16.

Kamera inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa hapa sitaki nionekane mzee anayedharau picha. Kamera ni mtaji. Washonaji wetu wanauza kwa kuweka picha za nguo kwenye hali ya WhatsApp, na anayepika keki za harusi hana duka jingine zaidi ya simu yake. Ila megapikseli 108 hazisemi unachodhani zinasema. Katika matumizi ya kawaida simu ya namna hiyo huziunganisha nukta tisa kuwa moja, ili ikusanye mwanga wa kutosha, na picha inayotoka ni ya megapikseli 12. Ukilazimisha 108 kamili unapata faili kubwa la kujaza simu na picha ambayo ndani ya ukumbi wenye taa hafifu mara nyingi ni mbaya zaidi. Zile kamera mbili za ziada zilizopangwa nyuma kwa fahari, kila moja ina megapikseli mbili, na sijamwona mwanachama aliyewahi kuzitumia kwa kujua. Kinachoulizwa na watu wetu ni kingine: usiku wa mkesha wa harusi, bibi harusi aliye mweusi kama mimi atatoka na sura yake au atatoka kivuli chenye meno? Hapo napo Tecno walitangulia kwa kuzirekebisha kamera zao zisome ngozi nyeusi, na Google ikafuata kwa kulifanya jambo hilo tangazo rasmi katika Pixel 6 ya mwaka 2021. Katika simu zetu mbili, ile ya boksi jeupe yenye megapikseli 50 ndiyo iliyotoa nyuso vizuri usiku. Tuliligundua kwa kupiga picha za mtu mmoja, ukumbi mmoja, dakika moja. Jaribio hilo halihitaji maabara. Mwandishi wenu anaweza kulifanya katika harusi yoyote ya Jumamosi, na pilau akala.

Sasa nifike kwenye kioo, ambacho ndicho kilichonifanya nichukue kalamu.

Kioo cha simu ya bluu ni cha AMOLED, aina ambayo nukta zake hujiwakia zenyewe, na kwa uzuri sina la kusema: weusi wake ni mweusi kweli, rangi zimekolea, na juani kilisomeka bila shida, kwa hiyo kijana wa bodaboda alikuwa mtu wa kwanza kunishukuru. Kioo cha simu nyeupe ni cha LCD ya kawaida, kilichopauka kidogo, na mchana wa Tanga unakishinda. Gazeti lako lilitoa alama kwa tofauti hiyo na lilikuwa na haki. Mwezi wa sita, kijana yule yule alisimama ghafla kukwepa mbuzi karibu na Makorora, simu ikachomoka kwenye kishikio cha usukani na kuanguka kifudifudi juu ya kokoto. Nilimsindikiza kwa fundi. Fundi wetu ni mtu mpole anayefanyia kazi juu ya taulo, ili skrubu zisikimbie; aliigeuza simu mara mbili, akaibonyeza pembeni, mstari wa kijani ukapanda kutoka chini hadi juu, kisha nusu ya kioo ikawa nyeusi. Akaiweka chini taratibu, kama daktari anayetafuta maneno.

"Kioo halisi laki mbili na ishirini," alisema. "Kipo Kariakoo, kinakuja na basi. Nina kopi ya laki moja na elfu kumi, lakini mjomba, sikufichi: mwanga wake mdogo, inanyonya chaji, na kidole hakitasoma tena, maana sensa ya kidole inasoma kupitia kioo chenyewe."

Nikamuuliza kioo cha ile simu nyingine, ya boksi jeupe. Hakuhitaji hata kufikiri. Shilingi 50,000 na kazi yake, kipo dukani, subiri nusu saa.

Kwa hiyo simu iliyozidi nyingine kwa shilingi 25,000 siku ya kununua iliizidi kwa shilingi 170,000 siku ya kuanguka, na simu mikononi mwa bodaboda kuanguka si bahati mbaya, ni suala la lini. Kijana alichukua kopi, kwa kuwa marejesho ya mkopo yalikuwa bado miezi saba. Akapoteza mwanga wa juani, ambao ndio ulikuwa sababu yake ya kuipenda simu ile, na akapoteza na kidole. Mpaka tunafunga mwaka, simu nne kati ya kumi na moja zilikuwa zimepasuka vioo. Mbili kati ya hizo wenyewe walishindwa kuzitengeneza wakarudi kwenye vitochi huku wakiendelea kulipa mkopo wa simu iliyolala kabatini, na mmoja wao ni yule mama wa Deep Sea. Kila Ijumaa ninapopokea rejesho lake la shilingi za simu ambayo haiwaki, huwa ananiuliza kwa utani kama gazeti limeshatoa nyota mpya. Huu ni utani, lakini nimeshindwa kuuzoea.

Najua atakuwepo msomaji atakayesema kwamba tungeweka kava na protekta. Tuliweka, zote kumi na moja. Protekta huzuia mikwaruzo na huokoa kioo mara moja mbili. Kokoto zikiwa na ncha hazina habari nayo.

Kwenye alama za vidole, fundi ujenzi alikuwa amejua kabla yetu. Saruji imekula mistari ya vidole vyake, kama ilivyokula ya wengi waliosumbuka madirishani wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, usajili uliofikia kikomo chake Januari 2020. Simu ya bluu, yenye sensa chini ya kioo, ilimkubali mara moja kati ya kumi. Siku tulipojaribu ile nyeupe, yenye sensa kwenye kitufe cha ubavuni, ilimpokea karibu kila mara. Siwezi kudai kwamba ndivyo ilivyo kwa kila simu na kila kidole, ila nadhani mpimaji wa simu anayeandikia nchi ya wakulima, wavuvi na mafundi asipime sensa kwa kidole laini cha ofisini peke yake.

Redio ya Bi mkubwa haikuwepo. Simu ya bluu haina redio ya FM wala tundu la spika za masikioni, na bila waya wa spika hizo simu nyingi zenye redio hazishiki stesheni, kwa kuwa waya ndio antena. Amerudi kwenye redio ya mkulima ya betri mbili na anasema hakupoteza kitu.

Kwa betri naweza kusema simu zote mbili zilitutosha. Zote ni za mAh 5,000, zote zinamaliza siku na kubakiza akiba, na umeme ukikatika tangu asubuhi bado unafika usiku. Tofauti iliyokuja baadaye ni ya chaja: ya bluu huchaji haraka kwa chaja yake yenyewe tu, na chaja hiyo ikiharibika ukatumia ya mtaani, kasi iliyosifiwa gazetini inayeyuka. Ningependa pia wasomaji wakumbushwe kwamba joto ndilo adui wa betri hizi za lithiamu; simu inayochajiwa juu ya dashibodi ya bajaji mchana, ndani ya kava nene, inazeeka upesi hata iwe na nyota ngapi.

Jambo jingine ambalo halikuguswa kabisa ni umri wa masasisho, yaani miaka ambayo mtengenezaji ataendelea kuituma simu maboresho ya programu zake. Simu janja ikiacha kupokea masasisho ya usalama haizimiki siku hiyo, ndiyo maana watu hawalitilii maanani, lakini inabaki na mianya isiyozibwa, na mwishowe programu moja moja zinaikataa, kama wale wenzetu walivyokataliwa na WhatsApp. Kwa mtu anayeweka fedha za kikundi ndani ya simu hilo si suala la anasa. Na taarifa zake zipo wazi. Google iliahidi miaka saba kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023. Samsung ikaahidi saba kwa Galaxy S24 mwaka 2024, na katika mwaka huo huo ikaahidi sita kwa Galaxy A16, ambayo si simu ya matajiri. Mtengenezaji wa simu yetu ya bluu hakuahidi chochote kwenye boksi, na kwa mwaka mzima tumepokea sasisho moja. Gazeti lililotupa nyota nne lingeweza kutuambia kwamba hakuna ahadi. Kutokuwepo kwa ahadi nako ni habari.

Nilipomweleza haya kijana wa dukani alinijibu kwamba mambo ya kioo na masasisho hayawezi kupimwa, kila simu ina bahati yake. Si kweli, na wenzetu wa Ulaya wameshaonyesha. Ufaransa, kuanzia tarehe 1 Januari 2021, ilimlazimu muuzaji kubandika alama kati ya 10 iliyoonyesha simu inatengenezeka kwa urahisi kiasi gani, na bei ya vipuri ilikuwa sehemu ya hesabu hiyo. Umoja wa Ulaya nao, tangu tarehe 20 Juni 2025, unataka kila simu janja mpya inayoingia sokoni kwao iwe na lebo inayotaja saa ambazo betri inadumu kwa chaji moja, idadi ya mara inazoweza kuchajiwa kabla ya kudhoofika, daraja la kustahimili kuanguka kuanzia A hadi E, na daraja la kutengenezeka, nalo kuanzia A hadi E. Kanuni nyingine ya Umoja huo, iliyoanza siku hiyo hiyo, inadai vipuri vipatikane kwa mafundi kwa miaka saba baada ya simu kuacha kuuzwa. Baadhi ya simu zinazopangwa kwenye kabati za vioo za Kariakoo ni modeli zile zile zinazouzwa huko zikiwa na lebo. Mwandishi wenu anaweza kuisoma lebo hiyo kwenye intaneti kwa dakika tano na kutuletea daraja lake kwa Kiswahili, bila kusubiri serikali yetu itunge kanuni kama hiyo, ingawa nisingesikitika ikiitunga.

Kabla sijamaliza, niseme neno kuhusu simu za mtumba kutoka nje, maana vijana wengi wanazilinganisha na simu mpya za bei hiyo hiyo na ukurasa wenu haujazigusa. Mpwa wangu aliletewa iPhone 14 na rafiki yake kutoka Marekani. Aliifungua kwa shangwe, akaizungusha akitafuta tundu la laini, akaizungusha tena, na tundu hakuliona, kwa sababu iPhone zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia modeli hiyo ya mwaka 2022 hazina trei kabisa. Zinatumia laini ya kielektroniki (eSIM) peke yake. Anayenunua iPhone iliyotoka Japani naye huenda akakuta kamera inalia kwa kila picha hata simu ikiwa kimya, jambo ambalo msikitini au kwenye mazishi linaaibisha. Haya si makosa ya simu, ni tabia za soko ilikotoka, na mnunuzi anastahili kuzijua. Pia akumbushwe kubonyeza *#06# dukani kabla ya kulipa, tarakimu 15 zinazotokea azilinganishe na zilizoko kwenye boksi, kisha azitume kwa ujumbe kwenda 15090 kuhakiki kama simu ni halisi. Sisi Watanzania tuliozimiwa simu bandia Juni 2016, zikaacha kushika mtandao, hatuhitaji kuelezwa kwa nini.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo kwa gharama. Mwandishi wenu akimaliza kuandika megapikseli, apige simu kwa mafundi wawili, mmoja wa Kariakoo na mwingine wa mkoani, aulize kioo halisi cha kila simu ni shilingi ngapi na kinapatikana baada ya siku ngapi, kisha aiandike bei hiyo kando ya bei ya simu. Afungue trei atuambie matundu ni mangapi. Atoke nje ya ofisi saa saba mchana aisome. Aandike miaka ya masasisho, na kama mtengenezaji hakuahidi aandike "hakuahidi". Kama nafasi haitoshi, apunguze wembamba wa bodi; hakuna mwanachama wetu aliyewahi kuuliza simu ina milimita ngapi. Nyota aendelee kuzitoa akipenda, mradi ziwe chini ya hayo.

Mwezi wa Aprili wanachama wengine watano watakopa fedha za simu, na safari hii kikao kimeamua kwamba maswali yaandikwe kwanza kwenye daftari ndipo katibu aruhusiwe kusoma kitu chochote kwa sauti. Mama wa Deep Sea ameshaandikisha lake, ni lile lile la mwaka jana. Faili langu bado lina nafasi ya kipande cha gazeti, na mkasi ninao.

Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa,
Ngamiani, Tanga